Pembe za kulungu hazina miguu, subirini Mei

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na naomba usiikate sana maana hili jambo limenikaa rohoni tangu Januari iishe. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, niko Colorado huku Marekani, kazi yangu kuezeka mapaa. Sasa kazi za nje huku zinaenda na hali ya hewa, ikishaingia winta mapaa yanakuwa barafu tupu, hakuna wa kukuita, simu inakaa kimya wiki mbili tatu, na wenzangu wa bustani na wa kumwaga zege wako hivo hivo. Kuanzia Januari mpaka Machi wabeba boksi wengi wa kazi za nje tunakaa tu ndani tunahesabu bili. Ndo hapo watu wameanza kusikia habari ya kuokota pembe za kulungu milimani, na mwaka huu nimesikia vijana wetu zaidi ya kundi moja wanapanga safari ya kwenda upande wa magharibi mwezi huu huu wa Februari. Nawaandikia wao. Jamani msiende sasa hivi.

Kwanza nieleze kidogo kwa wasomaji wa nyumbani, kwa sababu nilipomtumia mama mdogo picha ya pembe niliyookota alinipigia saa hiyo hiyo, sauti inatetemeka, mwanangu hizo si nyara za serikali, utafungwa. Na ana haki kuogopa, kwetu Tanzania ukikutwa na pembe ya mnyama wa porini bila kibali ni kesi, haijalishi uliua au uliikuta imelala njiani. Huku ni tofauti kwa sababu mnyama mwenyewe ni tofauti. Tunamwita kulungu kwa sababu ndo jina tulilonalo, wengine wanasema paa, kanisani tunamsikia kama ayala, lakini kulungu wa kule kwetu yuko kwenye ukoo wa swala na pembe zake anakufa nazo. Pembe ya swala, ya nyati, ya ng'ombe, ni gamba gumu kama kucha limevaa juu ya mfupa na halidondoki. Hawa wa huku pembe yao ni mfupa mtupu, ina matawi, inaota upya kila mwaka na kila mwaka inaanguka yenyewe. Afrika nzima kulungu wa asili wa aina hii wako kule kaskazini tu, Algeria na Tunisia, kwa hiyo wengi wetu tumezaliwa na kukua bila kuona kitu kama hiki na ndo maana mtu akiiona mara ya kwanza inamshika kabisa. Mi ilinishika.

Inavyoenda ni hivi. Dume anaanza kuotesha pembe wakati wa machipuko, ikiwa laini, imefunikwa ngozi yenye manyoya mafupi na damu inapita ndani yake, na inakua kwa kasi ambayo sijawahi kuona kwenye kiungo chochote cha mnyama, elki, yaani yule kulungu mkubwa wa milimani, pembe yake inaweza kuongezeka karibu inchi moja kwa siku. Kiangazi kikiisha ile ngozi inakauka, anaisugua kwenye miti mpaka itoke, na ile rangi ya kahawia unayoiona kwenye pembe mpya inatokana na huo msuguano, damu iliyokauka na utomvu wa miti. Anapigania majike vuli, halafu homoni za dume zikishashuka ule mfupa pale unapoungana na kichwa unaanza kuliwa na mwili wenyewe kidogo kidogo mpaka siku moja anaruka uzio au anajikuna, pembe inabaki chini. Hasikii maumivu ya maana, kidonda kinakauka, na baada ya muda anaanza upya. Hawa wenye mkia mweupe na wale wa masikio makubwa kama ya nyumbu, yule chotara wa punda na farasi, wanadondosha zaidi kati ya Januari na Machi, ingawa wenye mkia mweupe wengine wanaanza hata Desemba, elki wanachelewa mpaka Machi na Aprili. Na pembe za elki dume mkubwa jozi yake inaweza kufika kilo 18, mfupa mtupu huo, ameuotesha kwa miezi michache afu anautupa.

Sasa unaona taimu yake. Zinaanguka wakati ule ule ambao sisi hatuna kazi. Na zina soko, zinauzwa kwa uzito, kwa ratili au paundi, ya kahawia ya mwaka huu ndo ina bei, ya elki imewahi kwenda zaidi ya dola 10 kwa paundi, ikikaa juani inakuwa nyeupe bei inashuka, ikipasuka na kuwa kama chaki inashuka tena. Wanatengenezea mipini ya visu, taa za kuning'iniza, na nyingi sana zinakatwa vipande vya mbwa kutafuna. Kwa hiyo mtu aliyekaa wiki tatu bila hela akisikia kuna kitu kimelala milimani bure anaona ni riziki ya Mungu, na mi siwalaumu, nilifikiri hivo hivo.

Kosa nililofanya nalisema hapa wazi. Mara ya kwanza kabisa nilienda vizuri, fundi mwenzangu, mzee wa Kimarekani aliyezaliwa huku huku, alinichukua kwenye shamba la mtu anayemfahamu upande wa mashariki, tambarare, tukaomba ruhusa mlangoni, tukatembea siku nzima nikapata moja. Nikanogewa. Mwaka uliofuata nikasema kwa nini nisubiri mzee, nikawachukua wenzangu wawili tukaendesha kwenda magharibi milimani mwezi wa tatu mwanzoni, bila kuuliza sheria, bila kumwambia yeye. Tukapandisha mteremko mmoja unaopigwa jua, tukavuka kamgongo, tukawakuta kulungu wamelala, walikuwa 11, nakumbuka nilihesabu. Wakasimama wote kwa mara moja wakakimbilia bonde la pili ambalo theluji ilikuwa haijayeyuka, inawafika tumboni, wanaruka wanazama, wanaruka wanazama. Mmoja mdogo wa mwaka jana alibaki nyuma. Alifika katikati akasimama tu. Hakuwa amenasa, alichoka, akawa anatuangalia na ubavu unapanda unashuka, mbavu zinahesabika. Sisi tukaona ni picha nzuri, tukatoa simu.

Niliporudi kazini nikamwonyesha mzee ile video nikijua atafurahi. Aliiangalia mpaka mwisho akanirudishia simu, hakusema kitu mpaka mchana tumekaa kula, ndo akanieleza, na maelezo yake nimeyathibitisha baadaye kwa kusoma na kuwauliza wanaohusika. Kulungu winta haishi kwa anachokula peke yake, anategemea mafuta aliyojiwekea kiangazi. Kile anachokitafuna chini ya theluji, vijiti na vichaka vikavu, hakimtoshelezi hata akila kutwa, kinapunguza tu kasi ya kuisha kwake. Ni kama mtu anayekula akiba na hakuna mshahara unaoingia, anachoweza kufanya ni kubana matumizi, kwa hiyo kulungu anabana, anatembea kidogo, analala pale jua linapopiga, mwili wenyewe unapunguza moto. Ukimkurupusha akakimbia kwenye theluji amechoma mafuta mengi kwa dakika chache, na akiba hiyo hairudi mpaka majani mabichi yaote. Majike yana mimba wakati huo, wamepandwa Novemba na Desemba, watazaa Juni. Na unayemkurupusha Machi leo, kesho anakurupushwa na mwingine, keshokutwa na mbwa wa mwingine. Hafi mbele yako. Anakufa Aprili, nyasi zikiwa zinaanza kuchungulia, wewe uko juu ya paa la mtu unapiga misumari na hujui.

Sisi wabeba boksi tunajua kuishi miezi mitatu kwa akiba kuliko watu wengi. Ile mbavu inayohesabika niliielewa baada ya kuelezwa, na nikaifuta ile video.

Sheria yenyewe si ngumu. Hapa Colorado tangu 2018, ardhi yote ya umma iliyoko magharibi ya barabara kuu I-25 ni marufuku kuokota pembe kuanzia 1 Januari mpaka 30 Aprili. Barabara hiyo inapita Fort Collins, Denver, Colorado Springs, Pueblo, kila anayeishi huku anaijua, kwa hiyo hakuna wa kusema alichanganyikiwa na ramani. Bonde la Gunnison lina masharti ya ziada mpaka katikati ya Mei. Wyoming nao wana kipindi chao cha kufunga upande wa magharibi mpaka 1 Mei, na kama wewe si mkaazi wa jimbo lao unasubiri wiki moja zaidi. Utah wanataka upitie kwanza kozi fupi ya maadili kwenye mtandao, na ile winta mbaya ya 2023 walifunga jimbo zima kwa dharura kwa sababu wanyama walikuwa wanakufa, theluji ilikuwa nyingi mno. Hifadhi za taifa kama Yellowstone au ile ya Rocky Mountain hapa kwetu huokoti kabisa, mwezi wowote, pembe inabaki pale pale kwa ajili ya panya na kindi na nungunungu ambao wanaiguguna kupata madini. Nimekuta pembe imegugunwa nusu nzima, alama za meno zimejipanga kama patasi ya fundi seremala, kumbe hata ile niliyoona imelala bure ilikuwa na wenyewe.

Kuna hoja naisikia sana kwa vijana, kwamba nisipoenda mapema wengine wataenda mimi nitakuta patupu. Naielewa hii hoja, ndo hiyo hiyo iliyonipeleka mi. Lakini angalieni imeishia wapi, zamani watu walikuwa wanaenda Aprili, mmoja akaona awahi Machi, mwingine akawahi Februari, wakaja na pikipiki za theluji, mwisho kuna watu wanamfuata dume nyuma nyuma ambaye pembe bado iko kichwani wakisubiri idondoke. Wengine wanamkimbiza makusudi. Tarehe iliwekwa ili hayo mashindano ya kuwahi yaishe, wote tuanze siku moja, mwenye gari kubwa na mwenye buti tu. Kwa mtu kama sisi ambaye hana pikipiki ya theluji wala farasi, hiyo tarehe inatufaa kuliko inavyomfaa yeyote, sasa kwa nini tuivunje sisi?

Na tukumbuke sisi ni wageni. Afisa wa wanyamapori akikukamata na gari limejaa pembe Februari, faini ni yako, na kama karatasi zako za uhamiaji bado zinashughulikiwa sidhani kama unataka kosa la aina yoyote kwenye faili lako. Hilo sitalirefusha, kila mtu anajua hali yake.

Sasa mtu ataniuliza, kwa hiyo Februari tukae tu? Hapana, na hapa ndo nataka niongee zaidi kidogo maana kuna mengi ya kufanya. Upande wa mashariki wa I-25 marufuku ile haipo. Kule tambarare, hasa kandokando ya mto South Platte kwenye ile miti mikubwa, kuna kulungu wa mkia mweupe wengi, na sehemu kubwa ni mashamba ya watu. Nenda mchana, piga hodi, vua kofia, jitambulishe, sema unatafuta pembe zilizodondoka na huna bunduki. Wakulima wengi wanafurahi kwa sababu pembe ikibaki shambani inatoboa tairi la trekta, na tairi la trekta ni hela nyingi. Wapo watakaokataa, unashukuru unaondoka. Ardhi za jimbo nyingine zinadai uwe na leseni au pasi hata kama unatembea tu, ulizia kabla hujashuka kwenye gari. Na hata huko ukiwaona wamelala kwa mbali, zunguka, kuna shamba lingine.

Namna ya kutafuta nayo watu wanakosea, wanatembea haraka kama wanawahi basi. Mzee alinifundisha tembea kidogo, simama, geuka uangalie ulikotoka, kwa sababu pembe ambayo huioni ukienda unaiona ukirudi, mwanga umebadilika. Usitafute pembe nzima, tafuta ncha, tafuta mkunjo, kitu kinachong'aa kidogo katikati ya nyasi zilizolala, na siku ya mawingu baada ya mvua ni nzuri kuliko siku ya jua kali, jua linatia vivuli kila mahali macho yanachoka. Angalia pale wanapovuka uzio, kwa sababu ule mshtuko wa kutua unaidondosha. Angalia makorongo wanayovuka, miteremko inayopigwa na jua la kusini ambako theluji inaisha mapema, sehemu walizolala zinaonekana kama sahani kwenye nyasi. Ukipata moja usiondoke, ya pili inaweza kuwa hatua 20 au ikawa ng'ambo ya kilima, maana si lazima zidondoke siku moja, mi nimewahi kuzunguka saa tatu nikaikuta imeninginia kwenye kichaka usawa wa kiuno, siku nzima nilikuwa naangalia chini.

Ukikuta fuvu zima na pembe zake zimeshika, hilo ni jambo lingine, liache. Majimbo yana sheria zake kuhusu mnyama aliyekufa, na kuna ule ugonjwa wa kudhoofika unaoharibu ubongo wa kulungu, ulianza kuonekana hapa hapa Colorado mwaka 1967 kwenye kulungu waliokuwa wamefugwa kwa utafiti, leo umesambaa majimbo mengi, na vitu vya ubongo na uti wa mgongo sivyo vya kubeba kwenye buti ya gari. Piga picha, toa taarifa.

Kwa anayetaka kuona jinsi inavyoweza kufanyika kwa utaratibu, mfano upo Jackson, Wyoming. Pale kuna hifadhi ya elki iliyoanzishwa 1912, maelfu wanashuka kukaa winta, wanadondosha pembe zao kwa utulivu, hakuna mtu binafsi anayeruhusiwa kuingia kuokota. Wanyama wakishapanda milimani maskauti wanaokota kwa kibali, Mei zinapigwa mnada mjini hadharani, na asilimia 75 ya hela inarudi kwenye hifadhi kwa ajili ya wanyama wenyewe. Pale uwanja wa mji kuna matao manne yamejengwa kwa pembe hizo, nimesimama chini yake na mwanangu, akaniuliza baba wanyama wangapi walikufa, nikamjibu hakuna, wamezivua tu kama wewe unavyong'oka meno. Alizikagua muda mrefu sana.

Mhariri, mi siandiki kumkataza mtu riziki. Hela ya pembe imenisaidia mwaka mmoja nikalipa umeme, na zaidi ya hela, ile kutembea saa sita kimya baada ya wiki za kukaa ndani na mawazo imenisaidia kichwa kuliko nilivyotegemea. Nawatakia vijana wetu waipate hiyo. Ila waipate mashariki sasa hivi kwa ruhusa ya mwenye shamba, au magharibi Mei, na kama kuna kundi linataka mtu wa kuwaonyesha mimi niko tayari kuwapeleka bila kudai senti, wasogee tu kanisani Jumapili pale tunapokutana Waswahili wa Denver.

Jumamosi iliyopita nilikuwa naendesha magharibi ya I-25, nikasimama kando ya barabara na darubini, sikushuka kwenye gari. Juu kidogo ya uzio, chini ya msonobari uliokatika kichwa, kuna pembe moja ya kahawia, matawi matano, ya upande wa kushoto. Majike saba walikuwa wamelala jirani nayo. Nimeiacha pale. Asubuhi ya 1 Mei mi na mzee tutaanzia hapo, na ukinitangulia siku hiyo ukaikuta wewe, ni yako.

Wako,
Fundi paa, Colorado, Marekani